Goti la Mwalimu Antipasi

Mwalimu Antipasi wa Ikungi alikuwa mtu wa kurekebisha mambo. Ukimpa kitu kilichokamilika, usitegemee akurudishie kama kilivyokuwa. Karate aliipokea mjini Singida akiwa kijana, kwa watu walioipokea kwa watu wengine, nao waliipokea kwa Wajapani, na katika mlolongo wote huo hakuna aliyethubutu kugusa hata namna ya kukunja kidole gumba. Ilivuka bahari na milima salama salimini. Ilipofika nyuma ya kinu cha kukamua alizeti pale Ikungi, ikakutana na fundi.

Kinu ndicho kilichompa ugali. Mchana alikamua alizeti za watu, jioni akafagia uwanja wa nyuma, akavaa suti yake nyeupe ambayo weupe wake ulikuwa umebaki kwenye mishono tu, akafunga mkanda mweusi juu ya kitambi na kuita wanafunzi. Gunia la kupigia mateke lilijazwa mashudu. Ukutani palikuwa na maandishi ya rangi ya bluu, MTINDO WA IKUNGI, herufi za mwanzo zikiwa kubwa za kujidai na za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi. Wanafunzi walirudi makwao wakinuka mafuta, na mama zao waliwatambua kwa harufu kabla hawajapiga hodi.

Kila rekebisho lake lilikuwa na sababu ya kutangaza na sababu ya kweli, na sababu hizo mbili hazikuwahi hata kusalimiana. Utaratibu wa kupiga magoti kabla ya mazoezi aliufuta mapema. Alitangaza kwamba kanisani na msikitini wamelalamika, kwamba mtu mwenye dini yake hawezi kupigia magoti ukuta wa kinu. Padri hakuwa na habari hiyo, wala shehe. Ukweli ni kwamba Mwalimu akishapiga magoti, kunyanyuka kulikuwa shughuli pevu. Kwa hiyo wanafunzi walisimama wima, wakatoa shikamoo kwa pamoja, naye akaitikia marahaba, mambo yakaanza. Kuhesabu kwa Kijapani nako hakukupona. Ichi, ni, san, shi, go, roku, na hapo kichwa cha Mwalimu kiligonga ukuta. Basi nyuma ya kinu baada ya roku ilifuata saba, nane, tisa, kumi, na alieleza kwa uso mkavu kwamba Mwafrika hawezi kuhesabiwa na wageni mpaka mwisho. Ile kelele ya kupiga wakati wa ngumi aliiondoa pia. Alisema mpiganaji aliyeiva hupiga kelele ndani ya kifua. Kumbe jirani yake alikuwa na kuku walioatamia, na ulimi mkali kuliko wa kuku wake.

Yote haya yangebaki kuwa vichekesho vya kijiweni, maana hayakumuumiza mtu. Ubaya ulianzia Sepuka, mavuno ya mwaka juzi.

Alikwenda huko kutafuta alizeti ya kinu. Magunia yakapakiwa kwenye mkokoteni wa punda, punda akagoma. Mwenye punda akasimama mbele akimbembeleza kwa maneno mazuri. Mwalimu Antipasi hakuwa mtu wa kubembeleza mnyama. Akazunguka nyuma, akamzaba kofi la matako. Punda yule, ambaye hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote wala kufungwa mkanda wa rangi yoyote, akatoa teke la nyuma lililonyooka tangu nyongani, safi, halina rekebisho hata moja, likatua kwenye goti la kulia la Mwalimu.

Akiwa amelala juu ya makapi ya alizeti aliomba vitu viwili, apone na asionekane. Cha kwanza alipewa nusu. Cha pili aliamini kapewa chote, maana pale alikuwapo mwenye punda tu, na huyo hakuwa na habari ya karate. Akarudi Ikungi usiku juu ya magunia, akajifungia ndani, akatangaza malaria. Dada yake mkubwa, Emiliana, ndiye aliyemkanda goti kwa maji ya moto na chumvi, akaapishwa asiseme. Hospitalini walimwambia goti hilo litamtembeza lakini halitambeba mtu anayeruka. Akawaitikia ndiyo daktari, akaenda zake.

Malaria ilipochukua muda kuliko malaria za kawaida, wanafunzi wakaanza kuuliza. Ikabidi atoke. Angeweza kukaa kwenye kiti akafundisha kwa mdomo. Walimu wazuri wangapi wanafanya hivyo, na hawapungukiwi kitu. Lakini Antipasi aliona kiti ni cha wazee, na yeye hajawa mzee, kwa hiyo jioni ya kwanza tu alisimama mbele ya gunia kuonyesha teke la mbele.

Alipotupa uzito kwenye mguu wa kulia ili apige kwa wa kushoto, goti likaenda upande. Mwili wote ukazama kulia, kisigino cha kushoto kikaburura chini, na teke likatoka limechelewa na limepinda, likaligusa gunia kama mtu anayesukuma mlango kwa mguu huku amebeba ndoo. Hakucheka mtu.

Hapo ndipo unapotakiwa kuwajua watu wa Ikungi. Kwao mdogo hamwambii mkubwa kwamba anachechemea. Anaona, ananyamaza, anapunguza mwendo. Mkubwa akijikwaa wadogo wanatazama pembeni, na mkubwa akisema alikusudia kujikwaa, basi alikusudia. Ni adabu nzuri sana na imelea watu wengi wazuri. Imelea na wapumbavu wengi pia, tena inawafikisha uzeeni bila mikwaruzo.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Isaka, mwendesha bodaboda, kijana wa miraba minne. Akamtazama Mwalimu, akalitazama gunia. Angetaka angelipiga gunia lile mashudu yakamwagika. Badala yake akazama kulia, akaburura kisigino, akasukuma mlango. Aliyemfuata akafanya hivyohivyo. Mwishoni akaja Luciana, binti wa Emiliana, mpwa wake Mwalimu mwenyewe, ambaye kabla ya siku hiyo aliweza kuangusha kichwa cha alizeti kikavu kwa teke bila bua kutikisika. Akasimama kidogo. Kisha naye akazama kulia.

Mwalimu Antipasi alikuwa akitokwa na kijasho chembamba. Alipoona mstari mzima umezama, moyo ukamtulia. Hawajaona, alijiambia. Wamedhani ni mbinu. Mtu mwingine angemshukuru Mungu kimyakimya akaenda kutafuta kile kiti. Yeye alikohoa, akafunga mikono nyuma, akalipa kilema chake jina.

"Hilo," alisema, "ndilo Teke la Ikungi."

Jina likishapatikana, elimu haikosekani. Katika wiki zilizofuata alieleza kwamba Teke la Ikungi linampiga adui mara mbili. Kwanza adui anakuona unachechemea, anakuonea huruma, huruma inamlegeza viungo, halafu mguu wa kushoto unamkuta hayupo. Alieleza kwamba asili yake ni wachungaji wa Kinyaturu, wanaosimama kutwa malishoni uzito wote umelalia mguu mmoja, wameegemea fimbo. Hiyo ndiyo karate ya kwanza duniani, alisema, Wajapani wameikuta. Msimamo ule wa chini, wa kutanua miguu na kukunja goti la mbele, aliufuta akaweka Msimamo wa Mchungaji, isipokuwa fimbo haikuruhusiwa. Jioni ukipita barabara ya Dodoma ungeona vijana wazima, wenye afya zao, wamesimama upande nyuma ya kinu, wanangoja ng'ombe wasiokuwepo.

Waliojiunga baadaye walijifunza kuchechemea kabla ya kukunja ngumi. Isaka akazoea kiasi kwamba akishuka kwenye pikipiki abiria walimpa pole. Naye Mwalimu alivimba kichwa. Mnadani alisikika akisema mitindo mikubwa ya karate duniani inajulikana kwa majina ya waanzilishi wake, na yeye kwa unyenyekevu ameipa ya kwake jina la kijiji. Huo ndio unyenyekevu pekee aliowahi kuuonyesha, na aliutaja kila alipopata msikilizaji.

Mwaka jana alimpeleka Luciana mjini Singida kufanya mtihani wa mkanda wa kahawia. Mtahini alimtazama akizama na kuburura, akamsimamisha, akasema kwa upole kwamba binti apumzike, arudi akipona. Akipona nini, Antipasi aliuliza njiani, na akajijibu mwenyewe kwamba ni wivu. Watu wa mjini hawapendi kitu kipya kitoke wilayani. Luciana alimsikiliza, akasema ndiyo Mjomba, akatazama dirishani mpaka Ikungi.

Mkanda ule haukuwa pambo. Timu ya vijana ya mkoa ilichukua wenye mkanda wa kahawia kwenda mashindano ya taifa, na mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho kwa umri wa Luciana. Kwenye mashindano ya vijana huwa wanakuja watu wa majeshi kutazama, na anayewapendeza huitwa kuajiriwa. Luciana alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo ya kumrudisha shambani. Kitu kimoja tu duniani alikiweza kuliko wenzake, nacho kilikuwa kwenye miguu. Akikosa mwaka huu, basi tena.

Emiliana alilijua hilo, ndiyo maana wiki ya mtihani alijitwika debe la alizeti ambalo halikuwa na haraka yoyote ya kukamuliwa, akaenda kinuni.

"Shikamoo dada," Antipasi alisema.

"Marahaba. Goti linaendeleaje?"

"Goti gani?"

"Kwani unayo mangapi?" Emiliana akatua debe. "Antipasi, mimi nimekubeba mgongoni wewe. Usinizungukezunguke. Mtoto wangu anachechemea hata akienda kuchota maji."

"Ile ni mbinu, dada. Lazima izoeleke mwilini."

"Mbinu ya kumvizia nani, ndoo?"

Antipasi akajitia kushughulika na mkanda wa mashine. Dada yake akangoja, maana aliyajua maungo yake yote na ujanja wake wote, na ujanja ulikuwa mchache kuliko maungo.

"Nimeapa sitasema, na sijasema," Emiliana aliendelea. "Sema wewe. Mwambie mtoto kuwa una goti bovu, aende akapige mateke yake kama alivyokuwa anapiga. Watakucheka siku moja. Yeye atalima miaka yote."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Leo jioni, dada. Nimeshasema."

Na jioni ile kweli alikusudia. Tumpe haki yake. Alikusudia kuanzia kinuni mpaka uwanjani, hatua kwa hatua, goti likimkumbusha. Wanafunzi wakamwamkia, akaitikia. Luciana alikuwa mbele, amesimama Msimamo wa Mchungaji, macho chini kwa heshima.

"Luciana," alisema. "Kuhusu lile teke."

Kila kichwa kikainuka. Isaka aliacha kufunga mkanda wake, mikono ikabaki hewani. Luciana akamtazama usoni, jambo ambalo hakulizoea, na macho yake yalikuwa yamefunguka kama ya mtu aliyesikia hodi anayoingojea. Antipasi akayaona macho yote yale. Akaliona na gunia, na maandishi ukutani, na kitambi chake mwenyewe ndani ya suti. Akajiona anakaa kwenye kiti, anaitwa babu.

"Zamisheni zaidi," alisema. "Bado hamzami vya kutosha."

Wakazama zaidi.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi mmoja mjini, shule za karate za mkoa zimekuja na watu wao. Safari hii Antipasi alipeleka mstari mzima, Luciana na Isaka na wengine watatu, kwa hoja kwamba mtahini akiona mmoja atadhani kilema, akiona watano atajua ni mtindo. Mtahini mkuu alitoka Dodoma. Jina lake Elisha, mzee mkavu, ambaye zamani alifanya mazoezi na Antipasi mjini hapohapo wakiwa vijana. Alipiga magoti mbele ya ukumbi kufungua mtihani, akasimama bila kugusa sakafu kwa mkono. Antipasi alitazama dari.

Ikungi wakaitwa. Wakaingia mmoja nyuma ya mwingine, watano, wote wakichechemea mguu uleule. Mzee Elisha aliweka kalamu chini.

"Poleni," alisema. "Gari lenu limepata ajali?"

"Hapana, Mwalimu," Isaka akajibu. "Tumefika salama."

Wakapanga mstari, wakasimama kichungaji. Wenzao wa shule nyingine walipiga magoti, wao wakatoa shikamoo kwa sauti moja, na mzee wa watu akaitikia marahaba kabla hajajua anaitikia nini. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Wakahesabu ngumi, na baada ya roku ikaja saba, na hapo wengine wakashindwa kujizuia. Likafuata teke la mbele. Wakazama kulia wote watano kwa pamoja, zaidi ya siku zote kama walivyoagizwa, wakaburura visigino, wakasukuma mlango. Mama mmoja kwenye viti vya nyuma alisema maskini, kwa uchungu wa kweli, akawaombea Mungu.

Mzee Elisha alisimama. Hakuwa anacheka. Akamwendea Luciana aliyekuwa mbele, akachutama, akayabonyeza magoti yake kwa vidole, moja baada ya jingine.

"Unaumwa wapi, binti?"

"Siumwi popote, babu."

"Basi unachechemea kwa nini?"

Mzee akauliza tena, na Luciana akatazama sakafu, na ilionekana wazi kwamba hata akiulizwa mpaka jioni hatasema. Alikuwa tayari kufeli. Mzee Elisha akamwambia anampa nafasi moja, kwa sababu mikono yake inaonyesha amefundishika. Apige teke la mbele kama lilivyo, basi, bila maua.

Luciana hakupiga. Aligeuza shingo akamtafuta mjomba wake kwenye benchi la walimu. Antipasi alijiandaa kupokea lawama machoni mwake, na lawama angezijibu, maana sababu za kujibu lawama hakuzikosa. Hakuikuta lawama. Binti alikuwa anaomba ruhusa.

Hilo ndilo lililomwinua. Aliinuka vibaya, akashika bega la mwalimu wa jirani, na goti likatoa mlio uliosikika mpaka mstari wa pili.

"Elisha," alisema, "muache mtoto. Hana kosa. Ni goti langu. Lilipigwa na punda Sepuka mwaka juzi, tangu hapo siwezi kupiga teke, na hawa wananiiga." Akawageukia wanafunzi wake. "Si mbinu. Hakuna Teke la Ikungi. Mmekuwa mnaiga kilema, nami nimewaacha. Nyoosheni miguu yenu. Nisameheni."

Neno punda lilikuwa limeupasua ukumbi kwa kicheko. Antipasi alikingoja kicheko hicho, akakivumilia. Ambacho hakukingoja ni nyuso za watu wake. Hazikushangaa. Walitazamana, wakatazama chini, kama watu waliofumaniwa wao.

"Tunajua, Mwalimu," Isaka alisema polepole.

"Mnajua nini?"

"Goti. Yule mwenye punda ni baba yangu mdogo. Alitusimulia wiki ileile."

"Tangu wiki ileile mnajua? Wote?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ila wewe ulisema ni mbinu."

Antipasi akakaa. Miaka miwili alikuwa anawadanganya, kumbe alikuwa anabebwa. Kila jioni, kila shikamoo, vijana wazima walikuwa wanavunja miili yao kwa makusudi ili yeye asijione amevunjika, na yeye alikuwa anazunguka nyuma yao mikono mgongoni, anawasahihisha. Aibu aliyoiona pale haikutokana na kicheko cha ukumbi. Kicheko kilikuwa nafuu.

"Haya binti," Mzee Elisha alisema ukumbi ulipotulia. "Mwalimu wako amekuruhusu. Piga."

Luciana alitanua miguu, akakunja goti la mbele vizuri, akashusha pumzi. Akapiga. Mwili ukazama kulia. Alishtuka mwenyewe, akarudi nyuma, akajipanga upya, akapiga tena, na nyonga ikaenda kulia bila kumuuliza, kisigino kikaburura. Safari ya tatu aliuma mdomo, akaukaza mguu wa kulia mpaka ukatetemeka, akajilazimisha kusimama wima. Teke likafika kiunoni likafia hapo. Alibaki ameutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwazima.

"Mwili umeshashika," Mzee Elisha alisema, na alisema kwa huruma. "Utamwachia, lakini si leo. Arudi mwakani."

Mwakani haikuwa na maana kwa Luciana, na mzee hakulijua hilo, na hakuna wa Ikungi aliyemwambia, maana alikuwa mkubwa na alishakata kauli. Mkanda wa kahawia alifungwa msichana wa Kiomboi ambaye teke lake lilikuwa la kawaida kabisa. Lilinyooka, hiyo ndiyo sifa yake yote, na ilitosha.

Walitoka kwenda stendi kwa miguu. Isaka alimpokea Mwalimu begi lake. Upepo wa Singida ulikuwa unapiga vumbi kutoka kwenye majabali, na watu wa ukumbini waliwapita wakicheka, mmoja akalia kipunda. Watano wa Ikungi hawakugeuka. Walikuwa wamefupisha hatua zao ili mzee wao asibaki nyuma, na Antipasi aliziona hatua hizo kwa mara ya kwanza. Akawaambia watangulie, waende na mwendo wao. Wakaitikia ndiyo Mwalimu. Isaka na wale wengine wakaenda mbele kidogo, wakasimama kujifanya wanafunga kamba za viatu. Isaka alikuwa amevaa kandambili.

Luciana alibaki kando yake. Antipasi alivumilia kimya chake mpaka kikamshinda.

"Nitukane basi," alisema.

"Siwezi, Mjomba."

"Basi sema chochote. Ulijua ni goti. Ulijua tangu mwanzo, na mkanda uliutaka wewe, si mimi. Kwa nini hukunyoosha?"

Luciana alifikiri. Alikuwa na tabia ya kujibu kweli akiulizwa kweli, tabia ambayo hakuirithi upande wa mjomba.

"Mwaka jana nilipofeli, nilienda nyuma ya nyumba nikapiga peke yangu, yale ya zamani. Yalikuwa bado yapo, Mjomba. Yote. Nikasema kesho nitapiga hivyo mazoezini." Akapangusa vumbi usoni. "Kesho yake nikakukuta unafagia uwanja na lile goti. Ukaniambia karibu bingwa wangu. Nikaona aibu kukuzidi mbele ya watu."

Goti la Mwalimu Antipasi lilikuwa linamuuma sana. Akamwambia tena mpwa wake atangulie na wenzake, yeye atafika.

"Ndiyo, Mjomba," Luciana alisema, na akaendelea kutembea kando yake, polepole.